Maoni ya rubani asiye na ndege

Kwa kawaida ninawaletea hapa habari za barabara iliyokatika, bei ya maharagi sokoni, mto Mulongwe uliojaa. Leo niruhusuni niandike juu ya ndege ndogo. Si kwamba nimekosa habari. Ni kwamba tangu mtaa wangu ujue kuwa nina leseni ya kurusha ndege, jina langu limekufa, ninaitwa Piloti, na Piloti hapiti njiani bila kuulizwa. Ndege ikikata juu ya ziwa ikienda kutua Bujumbura, mtu anatoka dukani kuniuliza ile ni ya namna gani, ina injini ngapi, na kama mimi naweza kuirusha. Zile kubwa siwezi, na sheria hainiruhusu. Leseni yangu ni ya mtu binafsi: ninaweza kurusha ndege ndogo kwa furaha yangu, ninaweza kumbeba mke wangu au rafiki, lakini siruhusiwi kufanya biashara ya abiria. Na ndege yenyewe sina. Hapa Uvira mimi ni rubani wa miguu.

Lakini maoni ninayo, tena mengi, na kwa kuwa wengi wananiuliza mambo yale yale, nimeona afadhali niyaandike mara moja ili nipate kupita njiani kwa amani.

Nilijifunza Nairobi, kwenye kiwanja cha Wilson, nilipokaa huko miaka saba nikitengeneza kompyuta za watu. Wilson si kile kiwanja kikubwa ambacho ndugu zetu wanapitia wakienda Marekani. Ni kiwanja cha ndege ndogo, kando ya mbuga ya wanyama, na kina jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki iko pale pale, nayo ni ya zamani zaidi, ya mwaka 1927. Madaktari wa ndege wa AMREF, kazi iliyoanzishwa mwaka 1957 na daktari Michael Wood na wenzake wawili, nao wanarukia pale. Kwa hiyo ukisimama kwenye uzio wa Wilson asubuhi moja tu utaona mgonjwa akishushwa kwa machela, watalii wakipanda kwenda Maasai Mara, na mwanafunzi anayetua kwa kurukaruka kama chura. Sheria inadai saa 40 angani kwa uchache kabla ya kupewa leseni. Mimi nilitumia zaidi, na sababu ni pesa: ukikaa mwezi mzima bila kuruka mkono unasahau, na mwalimu anakurudisha nyuma kidogo. Saa moja ilikuwa inakula mshahara wangu wa wiki mbili. Mke wangu aliita ile ndege mke mwenzake, na kwa mahesabu ya nyumba hakukosea.

Nilianza na Cessna 152. Ina viti viwili na nguvu za farasi 110, yaani si zaidi ya gari la kawaida la abiria. Mwalimu na mwanafunzi wanabanana bega kwa bega, milango inatetemeka, na ukiwa mtu mnene mmoja wenu anabaki chini. Marubani wengi wanaidharau wakishapata leseni. Mimi siidharau. Ndege yenye nguvu nyingi inakufichia uvivu wako. Hii inaonyesha kila kitu. Ukiinua pua kidogo kupita kiasi, spidi inakufa mbele ya macho yako na mwalimu hana haja ya kusema neno.

Kisha nikapanda Cessna 172, ile ya viti vinne. Hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na tangu wakati huo zimetengenezwa zaidi ya 40,000. Hakuna ndege nyingine duniani iliyotengenezwa kwa wingi kama hiyo. Haina uzuri wa kupigia picha, haina spidi ya kujivunia, lakini inasamehe. Wapo wanaopenda Piper, zile zenye mabawa chini ya milango, na pale klabuni ubishi juu ya mabawa ya juu na mabawa ya chini hauishi, kama vile hapa kwetu watu wanavyobishana juu ya mpira. Wa mabawa ya chini wanasema wakikata kona wanaona wanakoelekea, na kwamba ndege yao inatua kwa ulaini zaidi. Hayo ni kweli. Mimi ni mtu wa mabawa ya juu. Ninataka kuona ardhi, na ninataka bawa langu lipite juu ya vichaka na mawe ya kiwanja cha kijijini. Tena mvua ikinyesha, watu wanapakia mizigo wakiwa wamejikinga chini ya bawa. Kwa milima yetu sina mjadala.

Jambo moja ambalo kila rubani mdogo analijua na abiria wanalishangaa: kipimo cha mafuta kilicho mbele ya rubani hakiaminiwi. Kabla ya kuruka unapanda juu ya bawa na kijiti mkononi, unakitumbukiza tangini, unasoma mafuta yamefika wapi. Mtu akiona rubani anachovya kijiti kama mama anayeonja mchuzi asifikiri kwamba ndege ni mbovu. Aogope yule asiyechovya.

Sasa niende kwenye swali ninaloulizwa kuliko yote: injini ikizimika, si mtaanguka kama jiwe? Hapana. Ndege inabebwa na mabawa, injini kazi yake ni kusukuma. Ikinyamaza, unashusha pua kidogo, ndege inateleza hewani kama mwewe aliyetulia. Cessna 172 ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi itateleza karibu kilometa 9 kabla ya kugusa chini. Hapa kwetu ni kama kutoka bandari ya Kalundu mpaka karibu na mpaka wa Kavimvira. Katika mafunzo mwalimu anakupunguzia injini bila kukuambia, tena mara nyingi, mpaka jicho lako linazoea kutafuta shamba la kutulia kila dakika. Mpaka leo nikisafiri kwa basi bonde la Ruzizi macho yangu yanachagua viwanja: hapa pazuri, hapa pana mfereji wa mpunga, hapa pana miti. Bonde lote ni kiwanja. Lakini ukipanda juu ya Lemera kuelekea msitu wa Itombwe, jicho linatafuta na halipati. Huko injini moja ina maana nyingine, na anayeruka huko kila wiki ninamvulia kofia.

Na hapo ndipo maoni yangu yanapobadilika. Nairobi tulikuwa tunaongea juu ya ndege kama watu wanavyoongea juu ya pikipiki nzuri. Kwetu, mtu wa Minembwe haongei hivyo. Mgonjwa anabebwa kwenye kipoyi na vijana wanaopokezana siku mbili au tatu kuteremka mpaka ziwani, na siku zote hizo njia iwe salama, jambo ambalo ninyi mnaosoma hapa mnajua lilivyo. Kwa ndege ndogo safari hiyo haifiki nusu saa. Ndege za misheni, za misaada na za kukodi zimetua milimani kwa miaka mingi kwenye viwanja vya udongo na majani. Kwa hiyo mtu wa huko akiniuliza juu ya ndege ndogo haniulizi kuhusu mabawa. Ananiuliza kama yule mzee aliyenikuta kwenye mazishi hapa Uvira mwaka juzi: "Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Kwa nini ndege inaondoka na viti viwili vitupu, na watu wamesimama pembeni wanalia?"

Nilimjibu mzee kwa dakika kumi, lakini mazishini hapana utulivu. Nijaribu tena hapa vizuri, kwa sababu swali hili limeleta matusi mengi kwa marubani wasio na kosa, na wengine wameitwa wabaguzi kwa sababu ya kilo tu.

Kwanza, viti vinne si watu wanne. Chukua ile 172 ya zamani. Uzito wake wote wakati wa kuruka hauruhusiwi kupita kilo 1,043. Ikiwa tupu ina karibu kilo 650. Inabaki kama kilo 390. Jaza matangi: mafuta peke yake yanakula karibu kilo 115. Inabaki 275. Gawa kwa watu wanne, kila mmoja apate kilo 68, na hakuna hata mmoja mwenye mfuko. Basi rubani anachagua: watu au mafuta au mizigo. Vyote vitatu haviingii. Ndege kubwa zaidi, ya watu sita au ya watu kumi, hesabu yake ni ile ile, tarakimu ndizo zinabadilika.

Pili, na hapa ndipo penye mzizi, hewa ya milimani ni nyepesi. Kila mtu anayetoka Uvira akapanda Mulenge anaijua: unahema mapema, maharagi yanachelewa kuiva. Injini nayo inahema. Ziwa letu liko kwenye mita 773 hivi juu ya bahari. Wilson iko karibu mita 1,690, na ndiyo maana wanafunzi wa Nairobi tangu siku ya kwanza wanafundishwa kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini ili yalingane na hewa iliyopo, jambo ambalo mwenzao wa Mombasa analisikia tu darasani. Sasa fikiria kiwanja kilicho mita 2,400, saa saba mchana, jua limewaka mpaka nyuzi 22. Kwa mtu hiyo ni hali ya hewa nzuri kabisa. Lakini hewa ikipata joto inazidi kuwa nyepesi, na ukipiga hesabu ya marubani unakuta ndege inajiona iko mita 3,200 hivi. Injini ya kawaida hapo imepoteza karibu thuluthi ya nguvu zake. Pangaboi linashika hewa kidogo, mabawa nayo yanashika hewa kidogo. Umbali wa kukimbia kabla ya kupaa unakuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa pwani. Kiwanja hakiongezeki urefu. Kwa hiyo ndege ile ile iliyofika asubuhi na watu wote inaweza kukataa kuondoka nao mchana, bila kitu chochote kuharibika.

Ndivyo viti viwili vinavyobaki vitupu. Si roho mbaya.

Mzee aliniuliza tena, je, hawawezi kulazimisha kidogo? Watu wetu wamezoea lori: likizidiwa linapanda polepole, likishindwa wanashuka wanasukuma. Ndege iliyozidiwa inaweza kukudanganya. Inaacha ardhi, inaelea mita chache juu ya majani kwa sababu karibu na ardhi hewa inaisaidia, abiria wanapiga makofi, kisha haipandi tena. Mbele kuna mlima. Hapo rubani hana la kufanya, na waliokuwa wanamwambia alazimishe wako nyuma yake wamefunga mikanda.

Naomba nisimame hapo kidogo niseme juu ya asubuhi, sababu nalo linaleta ugomvi. Rubani akisema ndege inaondoka saa moja asubuhi, saa moja ni saa moja. Asubuhi hewa ni baridi, kwa hiyo ni nzito, kwa hiyo inabeba. Tena mawingu bado yamelala. Ninyi mnaokaa Uvira tazameni milima yetu siku yoyote ya mvua: saa mbili iko wazi, unaweza kuhesabu miti, saa sita imevaa kofia, saa tisa haipo. Unyevu wa ziwa unapanda, unagonga ukuta wa mlima, unageuka wingu, na ukuta wenyewe si mdogo: kutoka ziwani mpaka kilele cha Mohi, mita 3,475, ni kupanda zaidi ya mita 2,700. Ndege ndogo isiyo na vyombo vya kutosha haiingii kwenye wingu lenye mlima ndani. Upepo nao unapoporomoka upande wa pili wa mlima unaishusha ndege kuliko injini inavyoweza kuipandisha. Mwalimu wangu mmoja, mtu wa maneno machache, alitufundisha kwamba bondeni hupiti katikati. Unakaa upande mmoja, ili ukitaka kugeuka upate nafasi yote ya bonde. Na usiingie kwenye bonde ambalo huwezi kugeuka ndani yake. Basi mkiniona ninasema mkubwa aliyechelewa chai yake asingojewe na ndege, si kwamba namkosea heshima.

Watu wananiuliza kama ningepata pesa ningenunua ndege gani kwa ajili ya Mulenge. Pesa sitapata, lakini kuota hakulipiwi. Nisingenunua 172 ninayoipenda. Ningenunua Caravan, Cessna ile kubwa ya injini moja iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982. Sababu ya kwanza si nguvu, ingawa nguvu inazo. Sababu ni mafuta. Ndege ndogo za mafunzo zinakunywa esansi maalumu ya ndege, ambayo bado inatiwa risasi ndani yake, na upande wetu huu wa Afrika kuipata ni kama kutafuta chumvi porini. Inakuja kwenye mapipa, inagharimu, na pipa likikaa vibaya linaingia maji. Caravan inakunywa mafuta ya ndege kubwa, ndugu yake mafuta ya taa, ambayo yapo kwenye kila kiwanja kikubwa. Injini yake ni ya turbini, inavumilia milima. Wapo wanaosifia Kodiak, ndege iliyotengenezwa Idaho kule Marekani ikiwa imekusudiwa tangu mwanzo kazi za misheni kwenye viwanja vifupi, nayo inapaa mapema kuliko Caravan. Nimeigusa tu kwa mkono, sijairusha, kwa hiyo ninanyamaza.

Ila ndege yoyote nzuri inashindwa na kiwanja kibaya, na kiwanja ni kazi yetu sisi tulio chini. Viwanja vingi vya milimani vina mteremko: unatua ukipanda mlima ili ndege isimame mapema, unaondoka ukishuka ili ipate spidi mapema. Anayetua hapo hana nafasi ya pili, akikaribia anakuwa ameshaamua. Sasa aamue, kisha ng'ombe atokee pembeni. Ninaandika hili nikijua wasomaji wangu ni wafugaji na wana wa wafugaji, na mimi mwenyewe nimechunga. Majani ya kiwanja ni matamu kwa sababu hayalimwi. Lakini ng'ombe ana kilo 300, na pangaboi linazunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika. Wapo wazee wa vijiji waliokuwa wanapanga vijana wawili kila ndege inapotarajiwa, mmoja juu mmoja chini, kufukuza mifugo na watoto, na wengine kukata majani mara moja kwa mwezi, kufukia mashimo, kusawazisha vichuguu vya mchwa. Hawakungoja serikali wala mzungu. Majani marefu yaliyolowa yanashika magurudumu kama mikono. Yanaongeza umbali wa kupaa tena, juu ya ule ambao hewa imeshauongeza.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo haipendezi kuiandika. Mlio wa ndege kwetu umebadilika maana. Zamani mtoto wa mlimani akisikia injini alikimbilia kiwanjani. Siku hizi kuna mahali anakimbilia ndani, kwa sababu droni nazo zinalia angani na mtoto hawezi kutofautisha. Mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2025 ndege moja iliteketezwa Minembwe. Jeshi la serikali lilisema iliingia bila ruhusa, wengine wakasema ilileta misaada. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachojua kama mtu wa ndege ni kwamba baada ya jambo kama hilo rubani wa kawaida, yule wa dawa na wagonjwa, anafikiri mara tatu, na mama aliye kwenye uchungu wa kuzaa anarudi kwenye kipoyi.

Wala si mara ya kwanza anga letu kuanza vibaya. Mwaka 1916, wakati wa vita vya wazungu, Wabelgiji walileta ndege nne za kutua majini, aina ya Short, wakaziunganisha karibu na Mtoa, upande wa Kalemie, wakavuka nazo ziwa kwenda kutupa mabomu Kigoma kwenye meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha walipokimbia. Ikaopolewa, na tangu mwaka 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Kwa hiyo ndege za kwanza za ziwa hili hazikuleta mgonjwa wala barua. Meli waliyoitaka kuiua ndiyo iliyokuja kutufaa.

Turudi kwenye kilo, maana ndiko nilikotaka kufika.

Miaka michache iliyopita, Kavumu kukiwa bado kunapitika, rafiki yangu aliniomba niwasaidie watu sita wa hapa Uvira waliokuwa wamepata nafasi kwenye ndege ya kukodi kwenda milimani. Kila mtu aliruhusiwa mfuko wa kilo 15. Wanaosafiri mara nyingi wanajua ujanja wa kiwanjani: unavaa makoti matatu, unajaza mifuko betri na sabuni, unapita kwenye mizani ukiwa umenona ghafla. Niliwaambia mizani inadanganyika, hewa haidanganyiki, na anayeficha kilo 5 anazificha kwa mtoto aliyekaa kiti cha nyuma yake. Ili tusigombane Kavumu, tulikwenda sokoni Mulongwe siku moja kabla, tukamwomba mwenye kupima maharagi atupimie watu na mifuko, nikaandika kwenye daftari.

Mzee mmoja alikuwa kilo 58 na mfuko wake 9, hakuna tatizo. Kijana mmoja, mfuko wake kilo 22: redio, betri ya pikipiki, viatu jozi tatu. Betri ikabaki, akanuna. Mama mmoja aliweka wake, sindano ikafika 31. Soko lote likacheka. Akaufungua pale pale chini, akapanga kila kitu juu ya kitenge: sufuria mbili, vitambaa vipya vya harusi ya mdogo wake, sabuni, daftari za shule za watoto wa kaka yake, dawa za minyoo, na chini kabisa chumvi. Chumvi nyingi. Ya watu na ya ng'ombe, sababu milimani chumvi ndiyo kila mgeni anaulizwa kabla ya salamu kuisha.

Nilitaka kumshauri, akanizuia kwa mkono. Sufuria alimpa dada yake wa Kalundu aliyekuwa amemsindikiza. Vitambaa alivishika, akavirudisha, akavishika tena, mwishowe akatoa viwili akabakiza kimoja cha bibi harusi. Sabuni akaigawa. Daftari hakuzigusa, dawa hakuzigusa. Chumvi akapunguza kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, anatazama sindano, anamwaga, anatazama tena, mpaka ikasoma 15 na nusu. Akamwangalia mwenye mizani. Yule bwana akakuna kichwa, akasema nusu hiyo ni uzito wa mfuko wenyewe, mama afunge aende.